Matibabu kwa wote kwa hela ya serikali: nimepiga hesabu yangu binafsi, njooni mnikosoe

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite tu hakuna ugomvi.

Mi nina tabia moja ambayo mke wangu huwa anaicheka, naandika kila hela inayotoka. Nina madaftari ya miaka 14 tangu nianze kazi. Sasa kila ikija mada ya serikali kugharamia matibabu ya kila mtu, watu wanabishana kwa mambo makubwa makubwa, uchumi sijui, ujamaa sijui, nikasema ngoja mi niangalie mfukoni kwangu tu. Je, mimi kama mimi ningepata faida au ningeliwa?

Nikakaa wikiendi nzima nikajumlisha. Safu ya kwanza makato ya bima ya kazini. Safu ya pili hela niliyotoa mkononi pale bima ilipogoma. Halafu upande wa pili nikaweka tulichopata: mke kujifungua mara mbili, homa za watoto, mkono wangu uliovunjika, jino. Jibu likaja kwamba nimeliwa, na sijaliwa kidogo. Hapo nikawa nishapata msimamo kabisa, kwamba mambo ya kuchangia wenzio ni hasara kwa mtu mwenye afya yake.

Ila kuna safu ya tatu nilikuwa nimeiandika kwa penseli pembeni, "ndugu". Mjomba figo. Shemeji ajali. Mama macho. Binamu mtoto njiti. Kujumlisha ile safu ya penseli nikaikuta imezipita safu mbili za kwanza ukiziunganisha. Nikarudia kujumlisha nikidhani nimekosea, wapi.

Yaani wakuu mi tayari nagharamia matibabu kwa wote! Ni bima ya ukoo mzima, haina kadi, haina kikomo, na bili yake inaletwa saa nane usiku kwa simu. Na mbaya zaidi mzigo huo tunaubeba watu wanne tu kwenye ukoo wenye mishahara, wakati ungeweza kubebwa na mamilioni ya watu na kila mmoja asisikie uzito.

Nipeni kasoro. Sitaki matusi.

#2

Mkuu hakuna cha bure duniani. Hata hiyo ya serikali ni hela yako inazunguka inarudi imepungua.

#3

Mi niongee kwa niaba ya vijana ambao hatuna mke wala mtoto na hatuumwi. Nimefanya kazi miaka sita, hospitali nimeingia mara moja kumsalimia mgonjwa. Kila mwezi kwenye slipu naona hela inakatwa. Mnataka ikatwe zaidi ili mtu anayekula hovyo na kuvuta sigara kama tanuri atibiwe kwa jasho langu? Mi ningepewa hela yangu niiweke akiba nikiumwa ntajitibu mwenyewe. Huo ndio ukweli wangu hata kama mtanichukia.

#4 Mleta uzi

@3 hata mi nilikuwa hivyo hivyo mdogo wangu, nakuelewa. Ila hiyo akiba ya kujitibu ina shida moja, ugonjwa hauji kwa kiasi ulichoweka. Ukiweka miaka sita halafu ukapata ajali mwaka wa saba, akiba yote inaisha wiki ya kwanza ukiwa hata bado hujafungua macho. Akiba inafaa kwa kitu unachojua bei yake na siku yake, kama ada. Ugonjwa hauna bei wala siku.

Ngoja nikupe kisa. Mdogo wangu wa kike alipata kidole tumbo. Tumefika usiku, daktari kashamuona, chumba cha oparesheni kipo wazi, lakini pale dirisha la malipo wanataka kwanza amana. Lile dirisha lina kitundu kidogo chini, ukitaka kuongea na mhasibu inabidi uiname kama unasujudu. Mi nimeinama pale, simu ina asilimia sita ya chaji, napiga kwa watu naowajua wana hela, wengine wamelala wengine wanaona jina langu wanaacha inaita. Nyuma yangu dada analia kwenye benchi, mama ananiuliza "wamesemaje?" kila baada ya dakika. Tulipata hela saa kumi alfajiri. Kidole tumbo kilishapasuka. Alipona lakini alikaa wodini wiki tatu badala ya siku tatu, na zile wiki tatu zote tulizilipia.

Sasa pale dirishani ndo nilipoelewa kitu ambacho daftari halionyeshi. Ile saa ya kuinama haina safu.

#5

Mi ni nesi, chumba cha vidonda. Nitasema kimoja tu kwa sababu niko zamu.

Alikuja baba mmoja wa makamo ana sukari, amevaa soksi mguu mmoja. Namwambia vua soksi anasema haivuki. Soksi ilikuwa imeshikana na kidonda, ikabidi nimwagie maji ya chumvi dakika kama ishirini nailegeza kidogo kidogo. Kidonda kilianza kwa msumari mdogo kwenye kiatu, miezi minne nyuma. Nikamuuliza baba miezi minne ulikuwa wapi, akasema "niliogopa mtanipa bili." Kile kidonda siku ya kwanza kilihitaji kusafishwa na bandeji na mtu wa kumwambia apunguze sukari. Alikatwa mguu chini ya goti.

@3 mwanangu, mguu ule aliugharamia mtu. Yeye hakuwa na uwezo, kwa hiyo hospitali ikameza, na hospitali ikimeza inawapandishia wengine wanaolipa, ukiwemo wewe na bima yako. Kwa hiyo usidhani ukikataa kuchangia hulipi. Unalipa, ila unalipia mguu uliokatwa badala ya bandeji.

#6

Dada nesi umeongea kwa uchungu na nakuheshimu, lakini tusiendeshwe na visa vya kuliza. Kuna upande mwingine. Kitu kikiwa bure kinatumika vibaya. Marekani walifanya majaribio makubwa, yalianza miaka ya 1970 yakaisha 1982, chini ya taasisi ya RAND. Familia nyingi ziligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakatibiwa bure kabisa, wengine wakawa wanachangia sehemu ya gharama. Waliokuwa wanachangia zaidi walitumia huduma pungufu kwa kama asilimia 30. Na afya zao kwa wastani hazikutofautiana sana na za wale wa bure! Kwa hiyo ile ya ziada waliyotumia watu wa bure ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye mafua na kuumwa umwa kichwa.

Mtu akitoa hata kidogo mkononi anajifikiria kwanza.

#7

@6 umeisoma nusu mkuu, malizia na nusu ya pili. Utafiti huo huo ulikuta kwamba watu wakilazimishwa kuchangia wanapunguza vyote, vya maana na visivyo vya maana, kwa sababu mgonjwa hajui kipi ni kipi. Maumivu ya kifua ni gesi au ni moyo? We mwenyewe ungejua? Na kwenye wale maskini ambao tayari wana presha, waliotibiwa bure presha zao zilidhibitiwa vizuri zaidi. Wastani unaficha watu.

Halafu upo na wa karibuni zaidi, jimbo la Oregon huko huko Marekani, mwaka 2008. Walikuwa na nafasi chache za bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, walioomba wakawa wengi wakapiga bahati nasibu. Watafiti wakaona hii ni dhahabu, wakafuatilia waliopata na waliokosa. Ndani ya miaka miwili hivi presha na sukari hazikuonyesha tofauti ya wazi, hilo nakupa. Kwenda chumba cha dharura kuliongezeka kwa kama asilimia 40, na hilo nakupa. Lakini sonona ilipungua sana, na ile hali ya bili ya hospitali kufilisi nyumba ikakaribia kuisha kabisa.

Kwa hiyo kama unauliza kadi ya matibabu inakupa nini wewe binafsi, jibu la kwanza lililoonekana ni usingizi, kabla hata ya presha kushuka. Ndo hiki mleta uzi anakisema kwa njia yake.

#8

Niingie hapa maana nimeishi miaka kadhaa kwenye nchi ambayo matibabu yanalipwa kwa kodi, sitaitaja. Ntasema mazuri na mabaya.

Baya kwanza. Nyonga iliniharibika. Daktari wa familia alinipeleka kwa bingwa, kumuona bingwa tu miezi mitano, halafu foleni ya oparesheni miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja wakuu! Nimetembea na fimbo kama mzee wa baraza, nalala kwa kiti, nakunywa vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kulalamika. Kazi niliyokuwa nafanya ya kusimama niliiacha. Ule mshahara nilioupoteza nani aliuhesabu? Hakuna. Kwenye makaratasi ya serikali oparesheni yangu haikunigharimu kitu, kwangu ilinigharimu karibu mwaka. Anayekwambia bure hana gharama hajawahi kukaa kwenye foleni akiwa na nyonga mbovu. Na wenye nacho waliruka foleni wakaenda binafsi, wakatoka wanatembea.

Sasa zuri. Siku natoka hospitali, nimeshafanyiwa, nimefundishwa kupanda ngazi, nimepewa mkongojo na mfuko wa dawa. Nikamuuliza nesi, "malipo ni wapi?" Akanielekeza mlango wa kutokea. Nikamwambia hapana, namaanisha pa kulipia. Aliniangalia kama sijapona dawa ya usingizi. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho nasubiri mtu aje kuniita nimesahau kitu. Hakuja mtu.

Kwa hiyo mi jibu langu sina. Ukiniuliza siku ya foleni nachukia, ukiniuliza siku ile ya maegesho naweza kulia.

#9

Dah #8, hapo kwenye maegesho umeniua 😂 ila pole sana na nyonga

#10

Foleni ndo bei yenyewe, watu hawasemi tu. Kila nchi inagawa matibabu kwa namna fulani maana madaktari hawatoshi popote, wengine wanagawa kwa hela wengine wanagawa kwa kusubiri. Uingereza wana lengo rasmi kwamba asilimia 92 ya wagonjwa wa rufaa wasiokuwa wa dharura waanze kutibiwa ndani ya wiki 18, na miaka mingi sasa halijafikiwa. Wakati huo Marekani wanatumia kama asilimia 17 ya pato la taifa kwenye afya, Uingereza kama 11, na bado Marekani wapo mamilioni ambao hawana bima kabisa na umri wa kuishi ni mdogo kuliko wenzao matajiri. Kwa hiyo kutumia hela nyingi si ndo kupona.

Nyongeza kwa @6, hata waanzilishi walilijua hilo la watu kuvamia. Huduma ya afya ya Uingereza inayolipwa kwa kodi ilipofunguliwa tarehe 5 Julai 1948 watu walifurika kutaka miwani na meno ya bandia mpaka bajeti ikapasuka. Si kwamba walikuwa wanachezea, walikuwa wamekaa miaka hawaoni na hawatafuni! Mwaka 1951 serikali ikataka watu wachangie kidogo kwenye miwani na meno, Aneurin Bevan ambaye ndiye aliyekuwa waziri wa afya aliyeianzisha akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Mwaka uliofuata ikaja ada ya dawa. Wakaifuta 1965, wakairudisha 1968. Mpaka leo England wanachangia dawa za cheti, Scotland na Wales hawachangii. Yaani ndani ya nchi moja wameshindwa kukubaliana miaka zaidi ya 70, sisi tunataka tumalize kwenye uzi.

#11

Mnaongea kama wote mmeajiriwa. Mi fundi wa kujitegemea. Leo napata kesho sipati. Hiyo bima ya kukatwa kwenye mshahara mi itanikata wapi? Kila mpango unaokuja wanasema "jiungeni kwa hiari mlipe kwa mwaka". Mwezi wa hela nalipa, mwezi wa njaa naacha, na ugonjwa una akili, unakuja mwezi wa njaa.

#12

@11 hapo ndipo mipango mingi ya bima hufia, umegusa penyewe. Makato ya mshahara ni mtindo wa zamani wa Ujerumani, kansela wao Bismarck alianza nao 1883 kwa wafanyakazi wa viwandani, na ni mzuri kama watu wengi wana mwajiri. Hiari nayo ina ugonjwa wake, wanaojiunga ni wale wanaojua wanaumwa, wazima wanakaa pembeni kama @3, mfuko unakauka, michango inapanda, wazima waliobaki nao wanakimbia.

Thailand walilitatua kwa ujanja. Mwaka 2002 waliacha kumfukuzia fundi na mkulima michango, wakasema wote ambao hawako kwenye mipango ya waajiriwa watagharamiwa na kodi ya jumla moja kwa moja, na ukienda hospitali unatoa baht 30 tu, baht ndo hela yao. Baadaye hata hizo 30 ziliwahi kufutwa zikarudishwa. Lakini angalia, fundi hakusamehewa kuchangia. Anachangia kila akinunua kitu chenye kodi, ila hadaiwi siku ya ugonjwa. Hiyo ndo tofauti ya maana kuliko hili neno bure ambalo linatugombanisha.

#13

Mimi gharama yangu haijatajwa bado. Mwanangu ana sikoseli. Bima ya mwajiri wangu inamhudumia. Nimepata kazi nzuri zaidi mara mbili, nimezikataa zote, maana sehemu moja bima yao ilikuwa na kipengele kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla haulipiwi mwaka mzima wa kwanza, na nyingine haikuwa na bima kabisa. Bosi wangu anajua. Hajawahi kusema, lakini anajua, nikiomba nyongeza ya mshahara anatabasamu tu. Nilitaka kufungua biashara yangu, nina mpango umeandikwa upo kwenye droo, una miaka mitano mle ndani.

Marekani kwa mfano ilibidi sheria ya 2010 ndo ipige marufuku bima kukataa watu wenye magonjwa ya awali, na kipengele hicho kwa watu wazima kilianza kazi 2014. Kabla ya hapo watu wangapi walikaa kwenye kazi wanazozichukia kwa ajili ya kadi?

Kwa hiyo mleta uzi, kwenye daftari lako mimi ningeweka safu ya kazi nilizozikataa. Kodi ikipanda nitalipa, ila nipeni mlango.

#14

@13 pole dada, nimekusoma mara mbili.

#15

Nakubali mengi ila mnasahau jambo kubwa. Serikali ikishika hela yote ya afya, mwaka wa bajeti mbaya inakata kimya kimya. Hakuna atakayekutangazia. Kadi utakuwa nayo, jengo lipo, daktari yupo, unaandikiwa dawa kwenye karatasi unaambiwa "kanunue nje". Hapo umelipa mara mbili, kwenye kodi na kwenye duka la dawa. Mi hili limenitokea na kadi ipo mfukoni. Bora binafsi, ukikosa dawa unahama. Kwa serikali utahamia wapi?

#16 Mleta uzi

@15 hoja yako ndiyo imenikaa kuliko zote humu na sina jibu zuri. Kadi isiyo na dawa nyuma yake ni mbaya kuliko kukosa kadi, maana asiye na kadi angalau anajipanga, mwenye kadi anaenda kwa kujiamini halafu anaumbuka dirishani. Ntasema tu kwamba wakati dawa zikikosekana kwa kila mtu, pamoja na watu wenye sauti zao, kelele zinakuwa kubwa. Zikikosekana kwa maskini peke yake hakuna anayesikia. Ndo maana mi naogopa sana mpango wa "serikali iwahudumie maskini, wengine wajitegemee". Huduma ya maskini pekee hugeuka huduma maskini, hakuna mkubwa anayepanga foleni pale kuona pameoza.

@3 hujarudi. Sikulazimishi. Ila jaribu kitu kimoja, usihesabu uliyokatwa kwenye slipu tu, hesabu na ulizotuma nyumbani mtu akiumwa. Kama ni sifuri basi we una bahati, au una kaka mkubwa anazibeba.

@6 la kutoa kidogo mkononi sikulikataa kichwani. Kiasi kidogo kisichozuia mtu, chenye msamaha kwa mtoto na mjamzito na mwenye ugonjwa wa kudumu, naweza kuishi nacho. Ila nesi ametuambia kuhusu soksi. Yule baba hakuzuiwa na bili kubwa, hata hakuijua bili ni kiasi gani. Alizuiwa na kuogopa tu kwamba ipo. Kwa hiyo hiki "kidogo" kina ukubwa tofauti kwa kila mtu.

Nimerudi kwenye daftari. Ile safu ya penseli nimeipitia kwa kalamu ya wino. Nikajiuliza kama kodi yangu ingepanda kiasi gani ndo niseme nimeliwa kweli, ukitoa hiyo safu. Ingeweza kupanda sana kabla sijafika hapo, zaidi ya nilivyokuwa nadhani Jumamosi. Gharama ninayoiogopa kwa dhati ni ya #8, kusubiri. Ndugu zangu wanne tukikusanya hela mjomba anatibiwa wiki hiyo hiyo. Kwenye foleni ya taifa mjomba ni namba. Hilo sijui nitaliwekaje kwenye safu.

#17

Mi niko na #3. Nasoma tu.

#18

Naomba kuuliza tofauti kidogo, huo mfumo wa kodi unahudumia meno? Jino langu la nyuma linanitesa

#19

@18 nchi nyingi meno na macho ndo vitu vya kwanza kutupwa nje ya mpango. Kang'oe mapema.

#20 Mleta uzi

@8 hukutuambia mwisho wake, nyonga inaendeleaje sasa hivi?

#21

Natembea mkuu, fimbo nilimpa jirani. Ngazi bado naziogopa, nikishuka nashika ukuta. Kazi ile ya kusimama sikurudia tena, waliajiri mtu mwingine mwezi wa nne wa kusubiri.